Dawa ya Kupe Kwenye Beseni la Mtoto

Jumatatu, Butiama. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna.

Daktari wa Bunda amesema kwa simu saa nne asubuhi ya leo kwamba Neema ameamka vizuri, amekunywa uji na ameuliza kama anaweza kutoka nje. Moyo wake unapiga kama wa mtoto wa miaka minne. Jioni watamruhusu.

Daktari wa hapa Butiama, aliyemlaza mama yangu, amesema neno moja tu. "Tusubiri."

Basi nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Nasubiri, na kukaa bila kazi kunaniudhi. Ndiyo maana naandika.

Kwa anayenisoma hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza: Neema ni mtoto wa mdogo wangu Magesa na mkewe Paulina. Mama ni mama yetu, amepita miaka sabini, ana presha na anameza vidonge kila siku. Wanaishi boma moja, kijiji kilichoko kati ya Butiama na Bunda, pamoja na ng'ombe wao. Mimi niko Musoma, naandika na kusoma habari redioni. Majina yote hapa nimeyageuza, pamoja na langu.

Mama hajatoka kwenye hatari. Mengine yote ninayoandika yako chini ya hilo.

Jumamosi mchana Paulina alinipigia simu. Nilisikia mbuzi kabla ya kumsikia yeye. Walikuwa nyuma ya pikapu iliyokuwa inapeleka mbuzi mnadani Bunda, gari la kwanza lililopita barabarani, na Neema alikuwa mapajani mwake, haamki.

"Wifi, mtoto amelegea. Amelegea kama nguo iliyoloa."

Nikauliza: ana homa? Hana, amepoa. Ametapika? Mara moja. Amekula nini? Uji, kama sisi wote. Ameanguka? Hajaanguka. Kuuliza ni kazi yangu na huwa nauliza hata nikiwa na hofu. Nilikata simu, nikachukua ufunguo wa gari.

Kutoka Musoma hadi Bunda ni lami tupu na naijua kona kwa kona. Siikumbuki hata kona moja ya safari ile.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumpima malaria. Hana. Daktari wa zamu, mwanamke kijana mwenye mwendo wa haraka, alikuwa amesimama juu ya kitanda na saa yake ya mkononi, anahesabu mapigo. Alisema bila kuinua kichwa kwamba moyo unapiga polepole mno kwa mtoto mdogo hivi, mwili ni wa baridi, mboni za macho zimekuwa ndogo. Alishasema hivyo mara moja kabla sijafika, na alirudia ili baba na mama wasikie tena.

"Hii kwangu haifanani na ugonjwa. Inafanana na kitu alichopata. Amekunywa dawa ya mtu mzima? Dawa ya shamba? Kuna chupa yoyote nyumbani?"

"Hakuna," akasema Magesa.

Paulina aliangalia sakafu.

Niliinama kumsalimia mtoto ingawa hasikii. Hapo ndipo harufu iliponijia. Kama mafuta ya taa, lakini nzito zaidi, na ndani yake kuna uvundo fulani. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe haikosei. Tukiwa wadogo tulikuwa tunarudi nayo kutoka joshoni, kwenye nguo, kwenye viatu, na mama alikuwa haturuhusu kugusa chungu mpaka tuoge. Ni harufu ya dawa ya kupe. Nayo ilikuwa kwenye nywele za Neema.

Nilimtoa Magesa nje.

"Mtoto ananuka dawa ya ng'ombe."

"Nilikuwa nawapulizia ng'ombe asubuhi. Labda nilimshika."

"Ananuka kichwani mpaka kisogoni. Ulimshika kisogo?"

Alifuta viganja kwenye suruali.

"Magesa, daktari anatafuta gizani. Nani amemwogesha mtoto?"

"Dada, usiniletee mambo ya redio hapa."

"Nani?"

Aliangalia getini, akaangalia ukuta, akaangalia viatu vyake. Kisha akalitoa, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu baba afariki.

"Mama."

Nilimwelewa. Kwetu mtoto wa kiume hasimami mbele ya watu asiowajua akasema mama yake amemdhuru mjukuu. Ni afadhali aseme hajui. Angekaa pale, amlinde mama kwa kunyamaza, huku mwanawe anapoa. Nilimwelewa, na nilimshika mkono wa shati nikamrudisha ndani.

"Mwambie."

Akamwambia. Jumamosi ndiyo siku yake ya kupulizia ng'ombe. Alibakiza dawa kidogo kwenye bomba la mgongoni, akaliegemeza kwenye ukuta, akaenda kufungua zizi. Mama aliichukua, akaimimina kwenye beseni la maji, akamwogesha Neema kichwa hadi miguu. Hakumsuuza. Alimwacha akauke juani, dawa ikae kwenye ngozi, kama ndama.

"Tunaogeshaga ndama hivyo wakiota magamba," Magesa alisema. "Wanapona."

Daktari hakumgombeza. Aliuliza jina la dawa. Dawa za kupe si za aina moja, akasema, na zikimpata mtu matibabu yake hayafanani: kuna aina ambayo ina sindano yake, na kuna aina ambayo haina, hiyo unamsaidia mgonjwa kupumua na moyo kupiga mpaka mwili wenyewe uisafishe. Magesa alilijua jina. Ilikuwa ile ya pili.

Ndipo kazi ikaanza. Wauguzi wawili walimvua Neema kila kitu, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele, kucha, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo, wakarudia. Dawa ilikuwa bado inaingia mwilini kupitia ngozi tangu asubuhi, na ile ngozi ilikuwa imekunwa mpaka imechubuka. Ngozi nzima huzuia kiasi. Ngozi yenye vidonda haizuii chochote.

Wakati wanamwosha, Paulina alinieleza kilichoanzisha yote haya. Upele.

Neema alianza kujikuna muda mrefu uliopita, zaidi usiku, katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni inapokaa kamba ya sketi. Walikwenda duka la dawa wakapewa dawa nyeupe ya maji ya kupaka. Paulina akapaka pale tu palipokuwa na vipele. Ikatulia, ikarudi. Wakanunua tena, wakampaka mtoto peke yake. Ikatulia, ikarudi. Jirani akawapa krimu ya tyubu, ile ambayo watu wanapaka kila kitu, chunusi, mba, kuumwa na mbu. Hiyo ilipunguza kuwashwa, na vipele vikazidi kuenea. Ijumaa mwalimu wa chekechea akamrudisha nyumbani mbele ya wenzake. Aende, akapone, ndipo arudi.

Mama alimpokea mlangoni. Alimshika mkono akaingia naye ndani.

Niliuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. Lilitoka tu, kwa mazoea, kwa sababu kila habari ya maji ina swali hilo.

"Maji ya lile beseni mliyamwaga wapi?"

Paulina akanitazama.

Nyumbani kwetu maji hayamwagwi. Bomba la kijiji linatoka siku likitaka. Maji ya kumwogeshea mtoto yanaosha miguu ya watu wazima, kisha yanapelekwa kwenye migomba. Imekuwa hivyo tangu nazaliwa.

"Mama alilibeba beseni," akasema. "Akaingia nalo chumbani kwake. Akafunga mlango."

"Kufanya nini?"

"Sijui, wifi. Alifunga."

"Mlipoondoka alikuwa wapi?"

"Alikuwa hajatoka. Tulimwita kwamba tunampeleka mtoto, akaitika ndani. Tukadhani anasali."

Nilipiga simu ya mama. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Nikampigia Mama Bhoke, jirani yetu. Ni mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto na huwa haharakishwi na mtu.

"Esta mwanangu! Habari za Musoma? Mtoto anaendeleaje?"

"Mama Bhoke, ingia kwetu sasa hivi. Mwangalie mama."

"Mama yako amelala. Nilipita kumwazima ungo, nikamwita, akaitika vibaya. Nikasema huyu leo ana hasira, nikaenda zangu."

"Mwamshe."

"Mtu mzima aamshwe mchana, amekosa nini?"

"Mama Bhoke. Mwamshe. Nabaki kwenye simu."

Nilisikia malapa yake, nikasikia kuku, nikasikia mlango unagongwa, halafu unasukumwa. Kisha sauti ya kuita ng'ombe ikapotea.

"Esta. Hafumbui macho. Namtikisa, anaguna tu. Mwili wa baridi huu."

Daktari alikuwa amesimama karibu yangu, akanielekeza la kusema, nami nikawa nayarudia maneno yake kwenye simu kama nasoma taarifa. Asimlaze chali, amgeuze ubavu. Afunge mikono yake na mifuko ya plastiki. Amvue nguo zote. Amwoshe kwa sabuni na maji ya kutosha, asisugue. Nguo zile asimvalishe tena. Asimpe maziwa, asimpe kitu chochote mdomoni. Kisha hospitali ya karibu, ambayo ni Butiama, na chupa ya dawa aende nayo.

"Nimvue nguo mama yako?" Mama Bhoke akasema. "Mimi? Akiamka aniulize nilikuwa natafuta nini?"

"Mvue. Gauni likigoma, likate."

"Gauni la kanisani hili."

"Likate!"

Nikasikia mkasi. Nikasikia maji. Halafu maji yakakoma.

"Esta," akasema. "Mama yako ana upele mwili mzima. Mikono, tumbo, mapaja. Kuna pengine pamekuwa vidonda. Hii sio ya jana."

Hakuna aliyejua. Sio Paulina anayempikia, sio Magesa, sio mimi ninayempigia kila Jumapili.

Baada ya hapo nilikumbuka vitu. Gauni la mikono mirefu kwenye jua la saa saba. Kanga iliyofungwa mpaka kwenye vidole. Na kanisani, padri akisema tupeane amani na watu wakigeukiana kushikana mikono, mama alikuwa anabaki ameinamisha kichwa, mikono chini ya kanga. Wanakwaya wenzake walianza kusema amekuwa na kiburi tangu binti yake aanze kusikika redioni. Niliwahi kuambiwa hivyo, nikacheka.

Hakuwa na kiburi. Alikuwa anawashwa.

Na Neema analala na bibi yake, kitanda kimoja, tangu aachishwe ziwa.

Hapo habari nzima ikajipanga. Kila walipomtibu mtoto, alirudi usiku kulala pembeni ya mtu ambaye hajatibiwa. Wangeweza kununua duka zima la dawa na bado upele ungerudi. Upele ni wadudu wadogo sana wanaochimba ngozi na kutaga humo, na wanahama kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kwenye kitanda, kwenye mbeleko. Hauji kwa uchafu. Mama yangu ni mtu anayefagia uwanja mara mbili kabla ya chai. Lakini kwetu neno upele linakwenda na uchafu na watoto wa mitaani, na mwanakwaya wa kanisa hawezi kuwa nao. Kwa hiyo alinyamaza. Alipoona mjukuu amerudishwa nyumbani kutoka shuleni mbele ya watu, alitafuta dawa kali kuliko zote alizowahi kuziona zikifanya kazi kwa macho yake. Alimwosha mtoto kwanza. Kisha akafunga mlango, akajiosha mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu angemwona.

Nilimwacha Neema mikononi mwa wazazi wake na daktari wake, nikaendesha kwenda Butiama. Mama alifikishwa kwa bodaboda, amewekwa katikati, Mama Bhoke nyuma amemfunga kwa kanga kifuani kwake ili asianguke. Mwendesha bodaboda aliniambia alikwenda polepole kwa sababu Mama Bhoke alikuwa anampiga mgongoni kila akikanyaga shimo.

Daktari wa hapa alisema mambo mawili Jumamosi ile. Moyo unapiga chini ya nusu ya kiwango kinachotakiwa. Na asubuhi kabla ya beseni, mama alimeza kidonge chake cha presha, ambacho nacho kinapunguza mwendo wa moyo. Vitu viwili vinavuta upande mmoja, kwenye mwili wa mzee.

Jumapili hakuamka. Alikuwa anavuta pumzi, nami nilikuwa natazama shuka linavyopanda na kushuka. Kila lilipokawia kupanda nilisimama.

Sikulia. Nasema hivyo kwa kuwa Paulina aliniuliza kwa simu kama nimelia, na nilimjibu bado sijapata nafasi.

Saa tisa alasiri, siku ileile.

Mama ameamka na ana akili zake.

Nilikuwa namalizia mstari wa juu muuguzi alipotoka kuniita. Niliingia. Mama alikuwa amegeuza uso upande wa mlango, macho mazito, midomo mikavu. Alinitambua.

"Mtoto?"

"Mzima. Leo anatoka."

Alifumba macho, akakaa hivyo. Nilidhani amelala tena. Kisha akasema, "Nani alinivua nguo?"

"Mama Bhoke."

"Mungu wangu. Kijiji kizima kinajua."

Nilimwambia kwamba Mama Bhoke ameapa hajamwambia mtu. Mama akasema Mama Bhoke akinyamaza siku tatu atavimba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumamosi, na nilicheka vibaya, kwa pua, kama mtu aliyepaliwa.

Lakini nilikuwa na swali na muda ulikuwa mdogo, kwa sababu daktari alisema wazi jana kwamba hata moyo ukitulia hamruhusu mtu kurudi kwenye nyumba yenye upele kabla hajahakikishiwa kwamba nyumba nzima itatibiwa. Atarudi kulala na mtoto, mtoto atajikuna, na mwaka mzima utapita hivyo. Tiba inahitaji yeye akubali kwa mdomo wake kwamba anao.

"Mama, upele ulianza lini?"

"Mimi nilinawa miguu tu na yale maji. Nisiyatupe."

"Mama. Umelala siku mbili. Miguu haifanyi hivyo."

Akageukia ukutani.

"Nimeona mikono yako," nikasema. "Wauguzi wameona. Daktari ameona. Hakuna aliyekimbia."

Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye umri kama wangu, alikuwa anabadilisha dripu na hakujifanya hasikii. "Bibi," akasema, "mwaka juzi mimi mwenyewe nilikuwa nao. Niliutoa humuhumu wodini nikaupeleka kwa mume wangu na watoto wote. Mume wangu ni mwalimu. Alifundisha huku anajikunia kwenye kona ya ubao."

Mama aligeuka kumtazama.

"Mwalimu?"

"Mwalimu wa hesabu."

Nadhani hilo ndilo lililofungua mlango, zaidi ya maswali yangu yote. Mama akasema ulianza wakati wa palizi. Akasema alidhani ni majani ya shambani, halafu akadhani ni uzee, ngozi inakauka, akapaka mafuta ya ng'ombe. Halafu akajua. Ndama wa Magesa alikuwa ameota magamba shingoni, akaogeshwa dawa ile, magamba yakadondoka na manyoya yakarudi yanang'aa.

"Ndama ana manyoya na ngozi nene, mama."

"Na mimi ngozi yangu nene."

"Ndama naye anapewa kwa kipimo. Wewe ulipima na nini?"

"Kwa jicho."

Kisha akauliza lile alilokuwa analiogopa tangu afumbue macho.

"Utanitangaza redioni?"

Nilimwambia sitamtaja. Nilimwambia pia kwamba najua nyumba nyingine zenye ng'ombe na watoto wanaojikuna, na bomba la dawa limeegemezwa ukutani, na kama sitasema lolote kuna mtoto mwingine ataogeshwa. Alifikiri. Akasema niandike, ila si redioni, kwa sababu redio wanakwaya wanaisikiliza. Kwenye simu sawa. Wanakwaya hawana vifurushi vya intaneti.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa ruhusa yake, kama muuguzi alivyonieleza nami nikamrudia mara mbili kuhakikisha.

Dawa ya mifugo haipakwi mtu. Si kwa upele, si kwa chawa, si kwa mba, hata ikichanganywa na maji mengi. Ikishampata mtu, vua nguo, osha kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali na chupa, na sema ukweli mlangoni. Ukweli wa Magesa ulichelewa na nusura tusiuhitaji tena.

Upele unatibika kwa dawa za kawaida za kupaka, na nyingine za kumeza ambazo mhudumu ndiye anayeamua. Ya kupaka hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, sio kwenye vipele tu: kati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni, sehemu za siri, chini ya matiti. Inalala mwilini usiku kucha kisha inaoshwa. Mtoto mchanga, mtoto mdogo na mjamzito, uliza kwanza, kwa sababu makali yake hupunguzwa au hubadilishwa, na kwa wadogo hupakwa hadi kichwani. Watu wote wa nyumba wanapakwa jioni moja, anayewashwa na asiyewashwa. Baada ya wiki wanarudia. Nguo na mashuka ya siku zile yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani; lisilofulika linafungwa kwenye mfuko na kuachwa kwa siku kadhaa. Kuwashwa kunaweza kuendelea hata baada ya wadudu kufa, wiki mbili tatu, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa na kutafuta kitu kikali zaidi. Krimu za tyubu zinazotuliza kila kitu ziachwe. Zinaficha tu.

Nilimpigia Magesa kumweleza mpango. Akasema vizuri, wapakwe. Nikamwambia na yeye.

"Mimi siwashwi, dada."

"Muuguzi anasema unaweza kukaa nao hata mwezi mzima kabla hujaanza kuwashwa."

"Mwanaume anapakwa dawa na nani?"

"Na mkeo. Au nije mimi."

Akasema na mkewe.

Hasira yangu kwake haijaisha. Naiandika ili nisijidanganye kwamba imeisha. Alinyamaza mbele ya daktari, mtoto yupo kitandani. Lakini leo aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: kama mama akirudi amwambie nini. Hajui aanze na neno gani. Nilimwambia asianze na neno. Ajenge kabati lenye kufuli, aweke dawa ya ng'ombe humo, mama aone. Amekwenda kutafuta mbao.

Saa kumi na moja jioni daktari amepita. Amesikiliza kifua cha mama kwa muda mrefu, akamwinua akae, akamsikiliza tena. Moyo umepanda lakini bado unasitasita. Kidonge cha presha kimesimamishwa, kitabadilishwa. Amesema hatari kubwa imepita, na hilo nimemwomba alirudie, akalirudia. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nilipoweza kurudi.

Niliporudi mama alikuwa amekunja mikono ya gauni la hospitali hadi kwenye viwiko, muuguzi anamsafisha vidonda. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanaona. Hakuishusha.

Ana masharti. Atapakwa wa kwanza, kabla ya mtoto. Nimpake mimi, si Paulina, kwa kuwa mkwe hamvui mama mkwe. Magesa awe zizini. Na Mama Bhoke, kwa kazi aliyoifanya, anunuliwe gauni.

Mimi nami nitajipaka, nimemshika mikono siku tatu.

Alhamisi saa tatu asubuhi anapimwa moyo kwa mara ya mwisho. Wakimruhusu, Jumamosi jioni, jua likishaanza kupoa, tunapaka nyumba nzima, na Jumamosi inayofuata tunarudia. Chekechea wameniambia Neema atapokelewa Jumatatu baada ya ile ya kwanza. Mama ameuliza nani atampeleka. Nimemwambia bado hatujapanga.

"Mimi," akasema. "Nitamshika mkono."